Kwetu ni Kambini

Ndugu Mwenyekiti, wazee wetu mlioketi safu ya mbele, dada na kaka zangu tuliochota maji kwenye bomba moja, nanyi watoto na wajukuu mliotusindikiza leo: wazee, shikamooni, na wengine wote nawasalimu kwa heshima.

Nimeombwa nieleze safari niliyoifanya mwaka jana, mwezi wa nane, kutoka Dar es Salaam kwenda Moshi kwenye harusi ya mtoto wa dada yangu. Tulikuwa wanne ndani ya gari: mwanangu aliyekuwa akiendesha, mkewe, mjukuu wangu wa miaka 13, nami. Safari ya Moshi ni ya siku moja kwa mtu aliyedamka mapema, lakini yetu ilichukua siku tatu, kwa sababu tulipofika Segera nilimwambia mwanangu asishike njia ya Korogwe, akate kulia kuelekea Hale. Na yeye, ambaye tangu utotoni amenisikia nikiitaja kambi kama mtu anavyomtaja ndugu aliye mbali, hakuniuliza swali hata moja, aliwasha taa ya kukata kona na kupunguza mwendo.

Njia yenyewe sitaisimulia sana, maana wengi wenu mnaipita kila sikukuu. Tulipitia Bagamoyo hadi Msata, kisha tukavuka mto Wami kwa daraja jipya lililoanza kutumika mwaka 2022. Nilipoliona daraja la zamani likiwa pembeni, lile jembamba ambalo magari yalilipita kwa zamu, nilikumbuka kwamba ndilo nililolivuka mwaka 1974 nikiwa na miaka 16, nimepakata sanduku la bati, nikienda shule ya bweni Morogoro. Miaka miwili baadaye nilirudi kumzika baba. Baada ya hapo mama alipewa muda wa kuhama, kwa kuwa nyumba ilikuwa ya kazi, na kazi ilipokwisha nyumba nayo ilikwisha. Alikwenda Moshi kwa dada yangu aliyekuwa ameolewa huko, akaishi huko hadi alipofariki, nami tangu mwaka ule wa 1976 sikukanyaga tena kambini, ingawa nimepita Segera mara nyingi nisizoweza kuzihesabu. Nakiri mbele yenu kwamba kila basi lilipofika pale nilikuwa nafumba macho mpaka nisikie limenyoosha kuelekea Korogwe.

Wale waliozaliwa mjini huenda hawajui ni kambi ya namna gani tunayoizungumzia, yaani kambi ya wafanyakazi wa shamba la mkonge, kwa hiyo niruhusuni nirudi nyuma kidogo. Mkonge si mmea wa kwetu. Asili yake ni Meksiko, na mwaka 1893 Mjerumani mmoja, Richard Hindorf, aliyekuwa mtaalamu wa kilimo wa kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki, aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, Marekani, ikapitishwa Hamburg. Ilipofika pwani yetu, iliyokuwa bado hai ilikuwa 62 tu. Hiyo 62 ilipandwa Kikogwe, karibu na Pangani, na kutokana nayo ukaenea mkonge uliojaza bonde lote kuanzia Tanga hadi Korogwe, ukaenda Morogoro, Kilosa na Lindi, na hatimaye ukaifanya Tanganyika kuwa nchi iliyoongoza duniani kwa zao hilo. Reli ya Tanga ilianza kujengwa mwaka huohuo wa 1893, na kila ilipofika, mashamba nayo yalifika.

Mashamba yale yalihitaji watu wengi kuliko waliokuwa tayari kuacha makonde yao wenyewe. Wazigua na Wabondei, wenyeji wa maeneo yale, walikuwa na mahindi yao, mihogo yao na minazi yao, na hawakuona sababu ya kwenda kuchomwa na miiba ya mtu mwingine kwa ujira mdogo. Ndipo watu wakafuatwa mbali: Songea, Njombe, Kigoma, Singida, Msumbiji, Burundi na Rwanda. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda ofisi yao ya kuajiri vibarua, ile ambayo baba zetu waliiita Silabu, na malori yake ndiyo yaliyombeba baba yangu kutoka Ungoni akiwa kijana ambaye bado hajaoa. Kila mtu alipewa namba, na kwa sababu ya namba hizo wakaitwa manamba. Baba yangu alikuwa elfu mbili mia tatu na sita. Aliikumbuka hadi alipofariki, na alipokuwa mgonjwa wa homa, akiulizwa jina lake, aliitaja namba kwanza.

Mnakumbuka kipande: ile kadi yenye nafasi za siku 30, ambayo kila siku ya kazi iliyokamilika ilitiwa alama, na mtu hakulipwa mpaka siku 30 zijae, hata kama zilimchukua mwezi mmoja na nusu kwa sababu ya ugonjwa, mvua au kazi iliyokataliwa na nyapara. Mkataji alikata jani kwa jani, akafunga matita ya majani 30, akayapanga, akayahesabu, na nyapara akayahesabu tena. Huko ndiko nilikojifunzia hesabu kabla ya kwenda shule. Nilijua thelathini mara kumi ni ngapi kabla sijaweza kuandika jina langu.

Nataka niseme zaidi juu ya korona, kwa sababu baba yangu alikuwa mlishaji wa korona, na kwa sababu mjukuu wangu aliponiuliza njiani ni nini, nilihangaika kumweleza. Korona ni mashine ya kukamua mkonge. Majani yaliletwa na toroli juu ya reli ndogo, yakashushwa, yakatandazwa mezani yakiwa yamelala sambamba, kisha yakabanwa na kuvutwa ndani, ambako magurudumu makubwa yenye visu butu yaliyaponda na kuyakwangua huku maji yakimwagwa juu yake bila kukoma. Upande wa pili zilitoka singa, yaani nyuzi za mkonge, ndefu kama mtu alivyo mrefu, nyeupe zenye ukijani hafifu, zikitiririka maji. Katika jani zima, singa ni pungufu ya sehemu tano kwa mia. Kilichobaki kilikuwa uji wa kijani uliokwenda na mfereji hadi mtoni, na harufu yake, ile harufu chachu iliyoingia katika nguo, chakula na nywele, ndiyo iliyokuwa hewa yetu. Utomvu wa mkonge huwasha. Baba aliporudi jioni, mama alimwekea beseni la maji ya moto nje ya mlango, na kabla hajanawa hatukuruhusiwa kumkumbatia. Mikono yake ilikuwa na mabaka kuanzia kiganjani hadi kwenye viwiko, myekundu wakati wa masika, na ya kijivu wakati wa kiangazi. Mama naye alikuwa mwanikaji: alibeba singa mbichi kutoka korona, akazitundika juu ya waya, safu kwa safu, uwanja mzima, na sisi watoto tukirudi shule tulipita katikati ya safu zile kama watu wanaopita katikati ya mapazia. Mchana wa jua kali, upepo ukivuma, uwanja ule wote ulimeremeta. Hadi leo sijaona kitu kilichonipendeza hivyo, na ninasema hivyo nikijua vizuri gharama yake kwenye mikono ya baba.

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya nikubali kusimama hapa. Wahenga walisema mkataa kwao ni mtumwa, na sote tumekulia chini ya methali hiyo. Shida yetu sisi watoto wa kambi haikuwa kukataa kwetu. Shida yetu ilikuwa kwamba tulipoulizwa kwetu ni wapi, tulifundishwa kujibu jina la mahali ambapo hatujawahi kupaona. Mimi nilijibu Songea. Jirani yetu wa mkono wa kulia alijibu Kasulu, wa mkono wa kushoto Mueda, na wale wa nyumba ya mwisho, karibu na choo, walijibu Njombe, na hakuna hata mmoja kati yetu aliyekuwa amefika huko anakokutaja. Nilipokwenda Songea mara ya kwanza, nikiwa mtu mzima mwenye watoto, ndugu wa baba walinipokea kwa upendo mkubwa sana, wakanichinjia kuku, wakanionyesha mahali ilipokuwa nyumba ya babu. Na usiku nilipokuwa nimelala niliwasikia wakisema kwa Kingoni, lugha ambayo nilielewa nusu, kwamba mgeni amechoka asisumbuliwe. Hawakukosea. Nilikuwa mgeni.

Kwetu, ndugu zangu, ni pale ambapo lizombe ya Wangoni na sindimba ya Wamakonde zilichezwa Jumapili moja katika uwanja mmoja, na sisi watoto tukazicheza zote mbili bila kujua ipi ni yetu. Ni pale ambapo Kiswahili hakikuwa lugha ya shule wala ya ofisi. Kilikuwa lugha ya mama, kwa sababu mama yangu, Mnyaturu kutoka Singida, hakuwa na lugha nyingine ya kusemezana na baba. Ni pale ambapo mtoto akiunguzwa na uji alipelekwa kwa mwanamke yeyote aliye karibu. Watu wa nje walituita watoto wa manamba, na walipolitamka neno hilo walikunja midomo. Nimekutana na wenzetu wengi mjini, watu wenye vyeo na heshima zao, ambao katika maisha yao yote hawajawahi kumwambia mtu kwamba walizaliwa kambini. Siwalaumu, maana nami niliificha kwa miaka mingi. Lakini nadhani tulikuwa tunaficha kitu ambacho hatukupaswa kukionea aibu hata kidogo, na kwa kukificha tumewaacha watu wetu peke yao, kama nitakavyoeleza.

Tuliingia kambini saa tisa alasiri. Barabara ya kutoka lami ni ileile ya udongo mwekundu, na milima ya Usambara iko palepale nyuma yake, ya buluu, na hilo lilinipa moyo. Lakini mistari ya mkonge, iliyokuwa imenyooka kiasi kwamba ukisimama mwanzo wa mmoja unaona mwisho wake, imemezwa na vichaka kwa sehemu kubwa. Mnajua sababu zake. Nyuzi za viwandani zinazotokana na mafuta ya petroli ziliingia sokoni, bei ikaanguka kuanzia katikati ya miaka ya 1960, mashamba mengi yakataifishwa mwaka 1967 bei ikiwa tayari imeshuka, na mashine zikazeeka bila vipuri. Nchi iliyozalisha zaidi ya tani 230,000 mwaka 1964 ilikuwa inazalisha takriban tani 20,000 mwishoni mwa miaka ya 1990. Hizo ni takwimu. Kambini nilikuta tafsiri yake: sakafu ya saruji ya korona, bila paa, bila mashine, ina nyufa zilizoota majani, na watoto wanne wakicheza mpira juu yake kwa kuwa ndipo mahali pekee palipo tambarare.

Nyumba yetu, ya tatu katika safu ya pili, ilikuwa na ukuta mmoja uliosimama. Nilimwonyesha mjukuu wangu alama ya masizi pale mama alipoinjika sufuria wakati wa mvua. Aliigusa kwa kidole, akakiangalia kidole chake kilivyokuwa cheusi, wala hakukifuta.

Tulipokuwa tumesimama pale alitujia mama mmoja mzee, anatembelea fimbo, amejifunga kanga mbili. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba, akanitazama kwa muda mrefu, kisha akasema: "Wewe si mtoto wa yule Mngoni wa korona, wa nyumba ya tatu?" Ni binti wa Kimakonde ambaye nilipokuwa mdogo alikuwa msichana mkubwa, aliyenibeba mgongoni mara nyingi mama alipokuwa uwanja wa kuanika. Sikuweza kujibu. Akanishika mkono, akasema neno moja tu: "Umechelewa." Halijatoka moyoni mwangu tangu siku hiyo, kwa sababu hakulisema kwa hasira. Alilisema kama mtu anayemwambia mgeni kwamba chakula kimepoa.

Yeye hakuhama. Mumewe alibaki kufyeka shamba kwa vibarua vya hapa na pale, akafariki, na watoto wake wakaenda Tanga na Dar es Salaam. Wenzake wengine waliobaki walizeeka na kufa mmoja mmoja, hadi akawa wa mwisho wa wale wanaoikumbuka kambi ilipokuwa imejaa. Alitukaribisha kwake, akatupikia mhogo wa nazi, na giza lilipoingia akatutandikia mikeka. Asubuhi, kabla jua halijawa kali, alitupeleka makaburini.

Wengi wenu mna mtu pale. Upande wa Waislamu uko juu, chini ya miembe, na upande wa Wakristo uko chini, kuelekea kijito. Mtu asiyejua angepita katikati yake akidhani anapita porini. Makaburi yenye saruji hayazidi matano, nayo ni ya makarani na mafundi. Baba zetu na mama zetu walizikwa kwa jembe na sala, na alama zikawa chochote kilichopatikana: jiwe, tofali, sahani iliyotobolewa. Kaburi la baba yangu nililikumbuka vizuri. Wenzake wa korona walikata kipande cha reli ya toroli, kama urefu wa mkono, wakakisimika kichwani pake, na mmoja wao aliyejua kuandika akachonga namba juu ya chuma kwa patasi. Namba, si jina. Nilikuwa na miaka 18, nikasimama pale nikijiambia kwamba nitarudi niweke jina.

Kipande kile cha reli hakipo. Yule mama alinieleza kwamba wanunuzi wa chuma chakavu walipofika walianza na reli za toroli, wakazing'oa zote hadi mtoni, kisha vijana waliotafuta fedha ya siku wakaingia makaburini na kung'oa chochote cha chuma kilichokuwa kimesimama. Yeye alipokwenda kesho yake alikuta mashimo. Akachukua machipukizi ya mkonge, akapanda moja katika kila shimo, ili mahali pasipotee. Mkonge huishi takriban miaka 10 au 12, kisha huchomoza mlingoti mmoja mrefu, hutoa maua mara moja tu, halafu hufa. Ule wa baba ulikwisha kutoa mlingoti na kuanguka, lakini pembeni yake kulikuwa na wengine saba, wamechipua kutoka mizizi yake, wamekaa kwa duara. "Yuko hapo katikati," akasema, na akaweka ncha ya fimbo yake juu ya majani makavu.

Nilipiga magoti pale. Sitaeleza zaidi ya hapo.

Kisha alianza kutembea, na nikatambua kwamba anatutajia watu. Huyu alikuwa mkataji, wa Kigoma, aliumwa na nyoka. Huyu ni mtoto wa fulani, surua. Huyu mama alikuwa mwanikaji, alifia kwenye uzazi, na mtoto wake amelala naye. Huyu hatukujua jina, tulimwita Mzee Saa Sita kwa kuwa ndiye aliyegonga kengele ya mchana. Mjukuu wangu alikimbia hadi kwenye gari, akaleta daftari lake la shule, na kwa muda wa saa nzima na zaidi akawa anaandika kila alichotajiwa, pamoja na mahali: hatua ngapi kutoka mwembe wa kwanza, upande gani wa kichuguu. Tulipata watu 57. Kati yao 19 wana lakabu tu, au kabila na kazi tu, bila jina.

Sasa nisikilizeni vizuri, kwa kuwa hapa ndipo palipo na haraka. Mkonge unarudi. Serikali imeuweka miongoni mwa mazao ya kimkakati, wakulima wadogo wanapewa maeneo katika mashamba ya zamani, na huko Hale mabaki ya mkonge, ule uji wa kijani tuliouona ukimwagwa mtoni, yameshatumika kuzalisha umeme. Mimi nafurahi kwa hayo kutoka moyoni. Nilikutana na vijana wanaofyeka vichaka ili wapande, na nilipoona mistari mipya imenyooka, na miche imesimama kwa vipimo kama zamani, nilitamani baba angekuwepo azione. Lakini vigingi vya upimaji vilikuwa vimefika hatua kama 40 kutoka kaburi la kwanza la upande wa chini. Nilimtafuta msimamizi wa kazi, kijana mwenye adabu, akanionyesha ramani anayoifanyia kazi. Makaburi hayamo. Hakuna aliyeyatoa kwa makusudi. Hayakuwahi kuandikwa, kwa sababu walipozikwa watu wale hakuna aliyeona kwamba ni jambo la kuandikwa kwenye ramani ya shamba.

Tunayo sheria ya kuhamisha makaburi tangu mwaka 1969, nayo inawatambua ndugu wa marehemu na kutaka wajulishwe. Lakini sheria itamjulisha nani, ikiwa marehemu hana jina, na ndugu zake, yaani sisi, tumekaa Mbezi, Tabata, Arusha na Mwanza tukijibu kwamba kwetu ni Songea na Kasulu? Nilizungumza na viongozi wa kijiji. Walinipokea vizuri, wakaniambia wako tayari kuandika barua ya kuomba eneo lile litengwe na kuwekewa mipaka, lakini wanahitaji orodha ya waliozikwa pale na majina ya ndugu walio hai watakaotia saini. Kijana wa upimaji naye aliahidi kwamba akiletewa barua hiyo kabla ya msimu wa kupanda ataipeleka kwa wakubwa wake pamoja na ramani iliyorekebishwa. Hadi leo eneo lile bado halijafikiwa. Nilimpigia simu yule mama juzi, akaniambia amekwenda mwenyewe kuangalia.

Kwa hiyo siombi mchango wa fedha leo. Naomba kumbukumbu. Wazee wetu mliopo hapa mnaweza kuwa mnajua jina la yule aliyeitwa Mzee Saa Sita. Mmoja wenu huenda anajua yule mwanikaji aliyefia kwenye uzazi alikuwa binti wa nani, na kama ana ndugu kule Singida ambao hawajawahi kuambiwa alipolala. Wapo ambao baba zao wako katika wale 19, na wapo ambao baba zao hawamo kabisa katika daftari, kwa kuwa mama yule, pamoja na kumbukumbu yake yote, hakuweza kuwa kwenye kila maziko. Mkikumbuka jina, andikeni jina. Mkikumbuka kazi tu, andikeni kazi. Mkikumbuka namba, andikeni namba, maana kwa baba zetu wengine namba ndiyo itakayotuwezesha kulipata jina katika karatasi za zamani, kama karatasi hizo bado zipo mahali fulani.

Nilipomuaga yule mama aliniuliza tutarudi lini. Nilimwambia kabla ya mvua za vuli, na kwamba sitarudi peke yangu. Akacheka, akamgeukia mjukuu wangu, akamwambia aje na kofia siku hiyo, kwa sababu jua la kambini si la mchezo. Harusini Moshi tulifika Ijumaa jioni, tukiwa na vumbi jekundu mpaka masikioni, na dada yangu alipoliona lile vumbi kwenye viatu vyangu alielewa tulikotoka kabla hatujasema neno, akainama akalipangusa kwa kiganja chake mwenyewe.

Daftari liko kwenye meza ile ya karibu na mlango. Mjukuu wangu amechora mchoro wa makaburi kwenye kurasa mbili za katikati, na miembe yote mitatu ameitia rangi ili isimpoteze mtu. Ukurasa wa kwanza tumeuacha wazi kwa ajili ya wazee wa safu ya mbele. Asiyeona vizuri atataja, naye ataandika. Ndiye yule pale aliyevaa gauni la kijani, ana kalamu tatu.